Mapafu yamepona, mbona moyo mzito?

Mama wa makamo ameketi kliniki kwetu hapa Moshi, mumewe kando yake, na mume ndiye anayeongea. "Daktari, huyu aliugua Korona, akawekwa oksijeni siku tisa, Mungu akamsaidia akatoka. Sasa ni mwezi wa tatu. Mtori anapikiwa, shamba nimemwondolea, lakini hacheki, halali, na genge lake pale Mbuyuni amelifunga. Mapafu tumepiga picha, safi kabisa. Au ni watu?"

Mama huyu nimemuunda kutokana na wagonjwa wengi, ili mtu yeyote asitambulike. Lakini "au ni watu?" nimeisikia mara nyingi, na kila mkazi wa huku anajua inaelekea wapi. Kabla ya kumtafuta mchawi, tuangalie damu.

Virusi vikiingia mwilini, chembe za kinga hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Ndizo zinazoita chembe nyingine vitani, zikapandisha joto na kuleta maumivu. Vita hiyo tunaiita mcharuko wa mwili. Ubongo nao hupata taarifa, kupitia damu na kupitia mishipa ya fahamu. Mfugaji hahitaji darasa hili: mbuzi mwenye homa hujitenga na kundi, huacha majani, husimama kichwa chini. Hana uvivu. Mwili wake umebana matumizi ili nguvu yote iende kwenye kupambana. Kwa siku chache hali hiyo ina faida. Shida huja pale homa inapoisha na amri ya kujitenga haifutwi.

Kuna njia moja iliyochunguzwa sana. Katika chakula, kwa mfano maharage, mayai na maziwa, tunapata triptofani, malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, mojawapo ya kemikali zinazohusika na hisia na usingizi. Mcharuko huamsha kimeng'enya kinachoichepusha triptofani hiyo kwenda kutengeneza kinurenini, na baadhi ya mazao ya kinurenini huzisumbua chembe za ubongo. (Usikimbilie kuongeza maharage. Hata yakijaa sahani, bado mchepuko upo.)

Ushahidi unaonishawishi zaidi ulikuwepo kabla ya Korona. Kwa miaka mingi homa ya ini aina ya C ilitibiwa kwa sindano za interferoni alfa, ambayo yenyewe ni saitokini. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akiwa katika tiba hiyo, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuwa nayo maishani.

Kisha mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya San Raffaele, Milan, Italia, waliwapima watu 402 waliopona Korona, takriban mwezi mmoja baada ya matibabu. Asilimia 56 walikuwa na dalili za kiwango cha ugonjwa katika angalau eneo moja: sonona, wasiwasi, kiwewe, kukosa usingizi au mawazo ya kujirudia. Wanawake na waliowahi kuugua maradhi ya akili waliumia zaidi. Na waliofika hospitali mcharuko ukiwa juu ndio walioelekea kuwa na sonona na wasiwasi zaidi baadaye. Mcharuko huo ulikokotolewa kwa hesabu tatu, neutrofili na limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu) na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ambazo ziko katika kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Hata hivyo, usiende maabara kuomba kipimo cha sonona. Hesabu hiyo inaeleza kundi la watu, haimtambui mgonjwa mmoja mmoja.

Wala tusiubebeshe mcharuko kila kitu. Nilipomwomba mume anyamaze kidogo nikamuuliza mama mwenyewe, alisema, "Naogopa kulala. Yule wa kitanda cha pili alilala, hakuamka." Hicho ni kiwewe, na hakuna kipimo cha damu kitakachokionyesha. Ongeza unyanyapaa: tangu mgonjwa wa kwanza nchini alipotangazwa Machi 16, 2020, akiwa Arusha, wapo walioficha ugonjwa hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Tunafanyaje? Kwanza tunapima kuhakikisha si visababishi vingine: upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU. Halafu mazungumzo ya tiba, na ikibidi dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini, ambazo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Sala iendelee, haigombani na kidonge.

Nisichotaka kusikia ni mtu kununua diklofenaki (dawa ya maumivu) au deksamethasoni (dawa kali ya kushusha mcharuko) dukani "kuzima mcharuko". Ya kwanza ikizoeleka huchubua tumbo na kuumiza figo. Ya pili iliokoa maisha ya wagonjwa wa Korona mwaka 2020, lakini kwa waliohitaji oksijeni, kwa siku chache, chini ya uangalizi, na yenyewe huweza kuvuruga usingizi na hisia.

Neno "jikaze" nalo liwekwe kando. Kwa uchovu wa baada ya virusi, anayelazimisha kulima kutwa nzima huweza kulala siku mbili. Apalilie mistari miwili, apumzike kabla hajachoka. Kesho yake akiamka vizuri, aongeze kidogo.

Akianza kusema afadhali angekufa, au kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake. Dawa ya kupulizia kahawa ifungiwe kwa jirani, na apelekwe siku hiyohiyo, hata usiku: hospitali ya Mawenzi kwa walio Moshi, ya Mount Meru kwa walio Arusha.