Kijana akianza kunywa mapema, angalia na tabia yake

Wazazi wakiniletea mtoto wa form two aliyenaswa na pombe, swali huwa moja, nani kamharibu? Marafiki wapo kweli na duka la kumuuzia lipo, sibishi, lakini darasa zima lina marafiki haohao na mtaa uleule na bado wanaoanza mapema ni baadhi tu, kwanini hao?

Mwanasaikolojia Patricia Conrod na wenzake wamelifanyia kazi sana hili, dodoso lao la maswali 23 linapima tabia nne. Kuna anayependa msisimko, huyu anataka shangwe na akinywa anakunywa nyingi kwa mpigo. Kuna mwenye pupa, anatenda alafu ndo anafikiria, na mara nyingi ana kesi zingine shuleni. Hao wawili kila mtu anawaona. Wanaonipa mawazo mimi ni wale wengine wawili, mmoja anaogopa mwili wake mwenyewe yani moyo ukienda mbio au akihisi kizunguzungu anaona kama anakufa, mwingine kakata tamaa, anajiona hana thamani na mbele haoni kitu. Hawa wanaonekana watoto wapole, hawasumbui mtu, na wakionja pombe wakakuta hofu imetulia au maumivu yamepungua kidogo, basi wameshapata dawa yao, na dawa hiyo ni mbaya.

Sasa mkiwakusanya wote uwanjani mkawaambia pombe inaua ini, mmemgusa nani hapo? Anayependa hatari ndo kwanza mmemchangamsha!

London walijaribu njia nyingine, matokeo yakatoka 2013. Walimu walifundishwa, wakakaa na vikundi vidogo kufuatana na tabia, vikao viwili tu vya dakika 90, pombe yenyewe ikiongelewa kidogo, zaidi ni namna ya kushika hofu au pupa yako inapopanda. Miaka miwili baadae unywaji ulikuwa chini kuliko shule zingine, hata kwa wanafunzi ambao hawakukaa kwenye vikao.

Tabia hizi sio ugonjwa jamani, na kuwa nayo haimaanishi lazima atakuwa mlevi. Tanzania viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku 2017, nashukuru sana kwa hilo, ila shule zetu zina walimu wa ushauri nasaha na wengi kazi yao imebaki kuitwa mtoto akishakosea. Naomba wakuu wa shule wawape muda wakae na form one mapema, na mama ukiniambia huyu mwingine hana shida, anajifungia tu chumbani, naomba uje nae pia.