Mtazamo chanya si kujidanganya

Wengi hudhani mtazamo chanya ni kuchekacheka huku moyo unavuja damu, na kujiambia "kesho yataisha." Sivyo. James Stockdale, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani, alitekwa Vietnam mwaka 1965, akafungwa na kuteswa zaidi ya miaka 7. Alieleza baadaye kuwa waliovunjika ni wale waliojipangia tarehe: tutatoka Krismasi. Ikapita. Basi Pasaka. Nayo ikapita. Yeye alikubali kwamba hali ni mbaya, ila hakuacha kuamini kuwa atatoka. Mkononi alibaki na kidogo tu: kugonga ukuta kwa alama za siri, ili wa chumba cha pili ajue hayuko peke yake.

Na machozi? Hayapingani na lolote hapa. Mfiwa aliyelia usiku kucha, kisha asubuhi akawavalisha watoto sare, hajapungukiwa na mtazamo.