Fundi wa Moto ni nani? Elementi nne ndani ya ngano za kale

Mtu akisema "nyota yangu ni ya moto", Mswahili haulizi maana yake. Tumekua tukisikia redioni kwamba Simba ni nyota ya moto, Nge ya maji, Mizani ya upepo, Ng'ombe ya udongo. Marehemu Sheikh Yahya Hussein ndiye aliyezizoesha masikio ya wengi. Kwa hiyo msomaji wetu akikutana na Elemental Masters, mfululizo wa riwaya wa Mmarekani Mercedes Lackey, si mgeni kabisa. Anachokosa ni maelezo ya namna nyota zile zilivyoingia kwenye ngano za Ulaya na kufanya kazi humo.

Elementi zinazozungumzwa hapa si zile za darasa la kemia. Ni vitu vinne ambavyo Empedocles, Mgiriki wa kisiwa cha Sicily aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, alivitaja kuwa mizizi ya kila kilichopo: moto, hewa, maji na udongo. Aristotle akavipa tabia, joto na baridi, unyevu na ukavu. Matabibu wa Kigiriki wakavihusisha na majimaji manne ya mwili, wataalamu wa Kiarabu wakayapokea na kuyaendeleza, na vitabu vya tiba na falaki vikayavusha mpaka pwani yetu. Nyota ya udongo unayosomewa Kariakoo na Fundi wa Udongo wa riwaya ya Kiingereza ni wajukuu wa bibi mmoja.

Hatua ya pili ilichukuliwa na Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541. Yeye aliandika kwamba kila elementi ina viumbe wake wanaoishi ndani yake kama samaki aishivyo majini: salamanda ndani ya moto, silfi hewani, undini majini, na wale wafupi wa chini ya ardhi wanaopita kwenye mwamba kama sisi tunavyopita hewani. Kitabu chake juu ya viumbe hao kilichapwa mwaka 1566, miaka 25 baada ya kifo chake. Mfululizo huu umesimama juu ya fikra hiyo. Mwenye nguvu za maji hapigi maji kofi yakainuka kama katika filamu za watoto. Anawaona viumbe wa maji, anazungumza nao, nao wanamtumikia kwa urafiki au kwa kulazimishwa. Ukitaka kumjua mwema na mwovu katika riwaya hizi, tazama hapo. Mmoja anaomba, mwingine anaamrisha.

Kwa Kiswahili maneno yanatuletea shida kidogo, na shida yenyewe inafundisha. Kiingereza kina neno moja la kutaja nguvu za namna hii, ziwe za kuponya au za kuua. Sisi tuna mawili, na hatuyachanganyi: uchawi ni wa kudhuru na hufanywa gizani, uganga ni wa kutibu na mganga hujulikana nyumba yake. Ukimwita Maya, daktari wa riwaya mojawapo, "mchawi", umemtukana. Na hiyo *Master* ya jina la mfululizo? "Bwana" haifai, kwa sababu wengi wa wahusika wakuu ni wanawake. Mimi natumia fundi. Neno hili halina jinsia, linabeba maana ya mtu aliyefunzwa akahitimu, na pwani fundi ni pia yule anayeongoza ngoma ya pepo na kujua kusema nao. Karibu zaidi ya hapo sijapata. Chini ya fundi wapo wenye nguvu kidogo, na chini yao wapo wale wanaohisi tu kitu kikipita bila kukiona.

Sasa ngano. Karibu kila riwaya inachukua ngano moja ijulikanayo na kuisimulia upya katika miaka na mji wa kweli, mara nyingi Uingereza, kuanzia enzi ya Malkia Victoria hadi vita vya kwanza vya dunia. Wengi wanaoeleza mfululizo huu huishia hapo: ngano fulani, pamoja na nguvu za elementi, pamoja na historia. Hiyo ni orodha ya viungo, na viungo peke yake si mchuzi. Ninavyousoma mimi, elementi zipo ili kuipa ngano sababu ambayo msimulizi wa zamani hakuitoa.

Fikiria Cinderella. Kila aliyesimuliwa kisa hicho, kama ana akili ya udadisi, amewahi kuuliza: kwa nini hatoroki? Mlango haujafungwa, mama wa kambo na mabinti zake wamekwenda sherehe, yeye yuko peke yake na majivu. Charles Perrault, aliyeichapa ngano hiyo mwaka 1697, anasema tu kwamba binti alikuwa mvumilivu. Katika riwaya ya Lackey iitwayo Phoenix and Ashes, ya mwaka 2004, jibu limezikwa jikoni.

Binti anaitwa Eleanor Robinson, wa kijiji cha Broom, naye ana hamu ya kwenda kusoma Oxford. Baba anaoa mjane mwenye mabinti wawili, kisha vita vinaanza, anakwenda na kufa. Mama wa kambo, Alison, ni Fundi wa Udongo aliyeoza moyo. Anamkata Eleanor kidole kidogo, anakizika chini ya jiwe la meko, na kuanzia hapo binti hawezi kwenda mbali na nyumba ile. Miguu inagoma, mwili unavutwa kurudi. Msomaji wa pwani hahitaji tanbihi hapo. Hilo ni fingo! Wazee walizika fingo chini ya kizingiti au njia panda kulinda mji au kumfunga mtu, na kila mtu alijua kwamba kilichozikwa hakifunguki mpaka kifukuliwe. Niliposoma ukurasa ule niliweka kitabu chini kwa muda. Nilikuwa nimekisikia kitu hicho kwa Kiswahili kabla sijakisoma kwa Kiingereza.

Tazama elementi zinavyofanya kazi. Alison ni wa udongo, kwa hiyo silaha yake ni kuzika. Eleanor, bila kujua, ni wa moto, na amefungwa hasa pale moto unapokaa. Jela yake inageuka chuo. Akipiga magoti kuchochea kuni, salamanda wanaanza kumtokea ndani ya ndimi za moto. Baadaye anapata msaada wa Sarah, mganga wa kijiji anayeshika nafasi ya yule mama wa ubatizo wa ngano ya zamani, na kifungo kinalegea kwa saa chache tu kabla hakijamvuta tena. Saa sita ya usiku ya Cinderella, saa ambayo mapambo yake hutoweka na ambayo kwenye ngano haina sababu yoyote, hapa imepata sababu.

Na mwana wa mfalme? Reginald Fenyx ni rubani wa ndege za kivita, Fundi wa Hewa. Ameangushwa, akafukiwa ardhini, na huko chini, mahali pa elementi iliyo kinyume na yake, viumbe waovu wa udongo wamemshambulia. Anarudi nyumbani anatetemeka, hawezi kulala. Madaktari wa kweli wa wakati ule walikuwa wakiwapokea askari wa namna hiyo kwa maelfu, na jina la Kiingereza la ugonjwa huo wa mshtuko wa makombora liliingia kwenye jarida la kitabibu mwaka 1915. Wapo wakubwa waliowaita askari hao waoga. Riwaya inakataa kabisa, na inakataa kwa kutumia kanuni zake yenyewe: mtu wa hewa aliyezikwa hai hadanganyi anaposema amevunjika. Historia na nguvu za elementi zinasema jambo moja kwa lugha mbili. Hata Oxford ya Eleanor ina uzito wake, kwa kuwa wanawake waliruhusiwa kusoma huko lakini chuo hakikuwapa shahada mpaka mwaka 1920.

Riwaya nyingine hazifikii kina hicho kwa kiwango kimoja, ila kanuni ni ileile. Katika The Gates of Sleep, ngano ya mrembo aliyelala, shangazi mwovu anamiliki viwanda vya vyombo vya udongo. Wasichana wanaopaka rangi humo wanakufa polepole kwa sumu ya madini ya risasi, na yeye anavuna nguvu kwa mauti yao. Sumu hiyo haikubuniwa. Vyombo vya Uingereza vilipakwa maji ya kung'arisha yenye risasi, na wafanyakazi waliugua kweli. Mwandishi amechukua ukatili uliokuwepo na kuuliza unamnufaisha nani.

The Fire Rose, iliyotangulia zote mwaka 1995, iko Marekani. Ni ngano ya mrembo na mnyama. Jason Cameron ni tajiri wa reli na Fundi wa Moto aliyejaribu kujigeuza mbwa mwitu, akakwama katikati, na nyumba yake inahudumiwa na salamanda. Rosalind Hawkins, msomi kutoka Chicago aliyefiwa na baba na kuachwa bila senti, anaitwa kwenda kufundisha watoto ambao hawapo. Anayejua historia ya San Francisco anaanza kuhesabu siku, maana tetemeko la alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 liko mbele, na baada ya tetemeko ni moto uliomaliza sehemu kubwa ya mji kuliko mtikisiko wenyewe. Katika kisa cha watu wa moto, tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati.

Nina nongwa na The Serpent's Shadow. Ni ngano ya Snow White, binti anayemkimbia malkia mwovu akahifadhiwa na vijeba saba, iliyohamishiwa mwaka 1909: Maya Witherspoon, daktari, mama Mhindi na baba Mwingereza, anahamia London na wanyama 7 wa kufugwa badala ya wale vijeba. Maya mwenyewe ameandikwa kwa heshima, na ubaguzi anaokutana nao hospitalini hauna kupakwa sukari. Lakini malkia mwovu ni shangazi yake Mhindi, mwabudu Kali, na Uhindi wake umekuwa vitisho vitupu. Mungu wa kike anayeabudiwa na mamilioni anageuzwa zimwi la kuogofya wasomaji wa Magharibi. Sisi tuliosoma namna waganga wetu walivyoandikwa na wageni tunaujua uchungu huo, na kanuni ya elementi haiwezi kuuficha.

Wapo wanaosema kusimulia upya ni wizi wa kisa cha watu. Nawaelekeza kwa Sultani Darai, kisa alichokichapa mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja. Maskini Haamdani anapekua jaani, anaokota thumni, ananunua paa, na paa anamfanya tajiri kwa maneno yake matamu. Ulaya kazi hiyo hufanywa na paka mwenye viatu. Kiini ni kimoja, lakini Waswahili walimpa paa kifo cha huzuni, amesahauliwa na bwana aliyemtajirisha, na kifo hicho ndicho kinachofanya kisa kiwe chetu. Lackey naye amemsimulia paka huyo, katika Reserved for the Cat ya mwaka 2007, akimpeleka kwa binti mcheza densi asiye na kitu.

Kila riwaya inasomeka peke yake, hata kama baadhi ya watu wanarudi, kama Lord Alderscroft, Fundi wa Moto wa London. Ukipata moja tu, tafuta ile ya kidole kilichozikwa.