Kabla Hujakubali Kuwa Mjumbe wa Bodi, Omba Kuona Cheti

Kila unapofika wakati wa taarifa za mwaka, ofisi za maendeleo ya jamii hapa Tanga hupokea watu wanaotaka majina yao yaondolewe kwenye bodi za mashirika. Ni watu wema: walimu wastaafu, wauguzi, wafanyabiashara wa Ngamiani. Waliambiwa, "Mwalimu, tunakuhitaji, vikao ni vinne tu kwa mwaka," wakatia saini. Barua ya kudai taarifa ikishafika ndipo wanauliza shirika limesajiliwa wapi.

Tuelewane: kujitolea maana yake hulipwi, basi. Hakukuondolei wajibu, na kauli ya "mimi niliweka jina tu" si utetezi.

Anza na cheti. Asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 iko kwa Msajili wa NGOs. Chama cha kijamii au cha kidini kiko Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi ya wadhamini iko RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Usichanganye, kwani kila mlango una marejesho yake, yaani taarifa zinazopaswa kupelekwa huko. Tangu marekebisho ya 2019, cheti cha NGO hudumu miaka 10, kwa hiyo soma tarehe.

Kisha omba katiba, muhtasari wa kikao kilichopita na taarifa ya mwaka jana. Shirika hutakiwa kuwasilisha taarifa ya shughuli kwa kila mwaka wa kalenda, pamoja na hesabu zilizokaguliwa pale mapato yanapozidi shilingi milioni 20. Kwa kanuni za 2018, mkataba wa fedha unaozidi kiwango hicho hupelekwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10, si "tukipata nafasi". Mratibu akikujibu kwamba karatasi ziko kwa mhasibu na mhasibu yuko Korogwe, mshukuru kwa chai uondoke.

Angalia pia kitabu cha hundi. Ukikuta kurasa zimesainiwa tayari na mjumbe mmoja "ili kazi zisikwame", hiyo bodi haisimamii chochote. Na kama ofisi imepangwa kwenye nyumba ya mwenyekiti, uliza nani aliweka kiwango cha kodi na kama mwenyekiti alitoka nje wakati wa kuijadili. Sisemi ni wizi. Nasema iandikwe kwenye muhtasari.

Adhabu zipo. Kughushi nyaraka za usajili, kuendesha shirika bila usajili au kuchangisha fedha kinyume cha Sheria ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Aliyetiwa hatiani huzuiwa kushika uongozi wa NGO yoyote kwa muda usiozidi miaka 5.

Kuhusu posho: nauli ya kutoka Pangani kuja kikaoni inalipika kama katiba na bajeti zinaruhusu. Gawio halipo. Wanaouliza "mwisho wa mwaka tunagawana nini" wafungue kampuni.

Ukitaka kutoka, andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hakikisha kikao kimeipokea na Msajili amejulishwa mabadiliko ya viongozi. Kumwambia mwenyekiti msibani kwamba umejitoa hakuondoi jina lako kwenye jalada.