Meya hawezi kukupunguzia ushuru

Juzi nilikuwa Kibirizi, kwenye soko la samaki la hapa Kigoma, kununua migebuka. Mama ninayenunua kwake ananijua kama "mzee wa vikao", maana kazi iliyonila miaka yangu ni kuandika mihtasari ya halmashauri. Alinipa mfuko wangu, akanipa na swali: "Mzee, Mstahiki Meya akisema leo ushuru wa meza upungue, kesho si unapungua?" Nikamwambia haupungui. Akacheka. "Sasa lile joho la nini?"

Nilimjibu kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa kali na samaki hawangoji. Hapa najibu kwa nafasi.

Kwanza, Meya ni diwani kama diwani mwingine. Manispaa ya Kigoma/Ujiji ina kata 19, na kila kata inaleta diwani wake. Wanaongezwa madiwani wa viti maalumu, na mbunge naye ni mjumbe. Mji haupigi kura ya Meya. Wanaopiga ni hao waheshimiwa, wakimchagua mmoja wao. Baada ya uchaguzi mkuu, kama ule wa Oktoba 2025, kikao cha kwanza huwa hakina Meya wa kukiongoza, kwa hiyo Katibu Tawala wa Wilaya ndiye anayeshika kiti mpaka Meya apatikane. Madiwani wanakula kiapo, kura zinapigwa, joho linavaliwa. Ukweli ni kwamba mara nyingi jina linajulikana tangu kwenye kikao cha chama usiku wa kuamkia siku hiyo. Meya anakaa miaka mitano wenzake wasipomng'oa katikati; Naibu wake anarudi kuombewa kura kila mwaka.

Sehemu nyingine za dunia mambo si hivyo. New York, wananchi wenyewe wanamchagua meya, na anaweza kukataa kusaini sheria iliyopitishwa na baraza lao la watu 51, mpaka theluthi mbili yao waipitishe tena juu ya kichwa chake. Wengi tunapomfikiria meya huwa tunamfikiria wa namna hiyo, wa kwenye runinga. Wa kwetu hana kura ya turufu. Ana kura yake ya udiwani, na zikigongana sawa kwa sawa ana ile ya ziada ya kiti.

Halafu kuna Mkurugenzi. Huyu hachaguliwi na mtu yeyote wa Kigoma; anateuliwa na Rais. Ni katibu wa Baraza, hapigi kura, na anakaa pembeni ya Meya akimnong'oneza kanuni. Lakini ndiye afisa masuuli. Fedha haitoki bila yeye, na wakuu wa divisheni wote, watendaji wa kata na wa mitaa, wanawajibika kwake. Meya akimwita mhandisi ofisini na kumwamuru apeleke greda kata ya Gungu kesho asubuhi, mhandisi atasema "sawa, Mstahiki", kisha atatoka na kumpigia simu Mkurugenzi. Baada ya uchaguzi wa 2015, ACT-Wazalendo ndiyo iliyoongoza manispaa hii, Meya wa chama kimoja na Mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais wa chama kingine. Wakati kama huo ndipo mpaka kati ya viti hivi viwili unapoonekana waziwazi. Vyama vikifanana mpaka upo vilevile, ila watu wanaruka juu yake bila kuangalia chini.

Nguvu ya Meya iko wapi basi? Iko kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi. Yeye ndiye mwenyekiti wake, na inakutana kila mwezi, wakati Baraza lenyewe linakutana kila robo mwaka. Mlango umefungwa, hakuna waandishi wa habari, kabrasha liko mezani limejaa taarifa za mapato na matumizi. Hapo ndipo mweka hazina anapobanwa kuhusu makusanyo ya mwezi, na hapo hoja inaiva au inarudishwa "ikafanyiwe kazi zaidi", maneno ambayo nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu. Meya mjanja hapigi kelele Barazani. Anajua nani apewe nafasi ya kuchangia kwanza, lini aseme muda umetutupa mkono, na jambo gani lisubiri kikao kijacho. Kuongoza mazungumzo ni madaraka makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Baraza la wazi, ambako mwananchi yeyote anaweza kuingia na kusikiliza ingawa haruhusiwi kusema, kwa kawaida huchukua siku mbili. Ya kwanza ni ya taarifa za kata: zahanati, madawati, mifereji iliyoziba. Ya pili ni ya kamati. Katikati wanapewa nafasi wageni, na salamu za serikali wakati mwingine zinakuwa ndefu kuliko ajenda.

Watu wanaangalia hotuba. Mimi naangalia kitenzi. Kwenye muhtasari kuna "wajumbe walipokea", "walishauri", "walielekeza" na "waliazimia", na kila kimoja kina uzito wake. Azimio linarudi kikao kinachofuata kwenye ajenda ya yatokanayo, na Mkurugenzi anaulizwa limefikia wapi. Ushauri unashukuriwa tu. Nilijifunza hili kwa aibu. Katika halmashauri moja niliyofanya kazi nikiwa bado kijana, kamati ilijadili choo cha soko karibu saa nzima, watu wakapandisha sauti, wakakubaliana kijengwe. Mimi nikaandika "wajumbe walishauri idara ifanye tathmini". Muhtasari ukathibitishwa bila mtu kuusoma vizuri. Robo iliyofuata jibu la idara lilikuwa mstari mmoja: ushauri umepokelewa. Diwani wa kata ile alinifuata nje, kwenye mwembe tulipokuwa tunanywa chai, akaniambia taratibu, "Mwandishi, umetuulia choo." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa turudi kwenye meza ya yule mama. Ushuru wake umeandikwa kwenye sheria ndogo ya manispaa. Kuubadili inabidi hoja ipite kamati, Baraza liazimie, wananchi watangaziwe na kutoa maoni, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI aridhie, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Na kwa kuwa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai imeshahesabu senti zake, Mkurugenzi atauliza pengo litazibwa na nini, na ana haki ya kuuliza. Meya akitamka mnadani kwamba ushuru umeshuka, mkusanyaji mwenye mashine ataendelea kutoza kile kilichomo kwenye mashine.

Nilimshauri aanzie chini. Apeleke hoja kwenye mkutano wa mtaa, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani wake ndiye mwenyekiti, waipeleke juu kwa maandishi, na siku ya Baraza yeye na wenzake wawili watatu wakae kwenye viti vya nyuma wasikilize Meya anaifungaje.

"Nitajuaje kama imekubaliwa?" akauliza.

Nikaomba kalamu kwa kijana wa boti, nikaandika nyuma ya risiti yake ya ushuru wa siku ile: *Baraza limeazimia*. Nikamwambia asikie hilo neno, si "limeshauri", na diwani wake asikubali muhtasari ulioandikwa vinginevyo. Akaisoma kwa sauti, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela yangu. Bei ya migebuka hakunipunguzia.