Je, wajua kwa nini watoto walio kwenye malezi ya kambo hukosekana kwenye programu za afya ya akili?

Mtoto aliyetolewa kwao kwa ajili ya usalama wake na kukabidhiwa familia nyingine kwa muda yumo kwenye hatari kubwa ya sonona, wasiwasi na matatizo ya tabia kuliko wenzake. Ndiyo maana kuna programu za kinga zinazomwahi kabla hajaugua. Ila kumpata ahudhurie hadi mwisho ni kazi. Kwa nini?

Jibu linalotolewa harakaharaka ni kwamba watoto hawa ni wakaidi na hawataki msaada. Jibu hilo linachukulia kwamba mtoto ndiye anayeamua, wakati mara nyingi hata hajaulizwa. Chukua fomu ya ridhaa. Mlezi anayeishi naye huenda hana mamlaka kisheria ya kuisaini. Mamlaka hayo yako kwa mzazi aliyemzaa, kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani. Fomu inazunguka wiki nzima. Inaporudi, mtoto ameshahamishiwa familia nyingine, shule nyingine, na namba ya simu iliyoandikwa pale juu ni ya mlezi wa zamani. Hata kama hakuhama, mlezi ana watoto wengine na hana wa kumpeleka kila wiki saa kumi jioni. Kwenye rejesta anaandikwa "hakuhudhuria", na lawama ya watu wazima inamwangukia yeye.

Kosa la pili ni kuuita woga ukaidi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwili wake hausubiri macho yahakikishe, unaruka kwanza. Kumweleza kwamba ule ni unyasi tu hakusaidii, kwa kuwa aliyeruka hakuruka kwa hoja. Kinachomtuliza ni kupita hapo tena na tena, na mtu yuleyule, pasipo kuumwa. Kwa mtoto huyu, unyasi ni mtu mzima mgeni anayetabasamu na kumuuliza maswali ya nyumbani kwao: mara ya mwisho alipoulizwa hivyo, huenda alihamishwa. Kunyamaza ni kujilinda, na ni haki yake kujilinda hadi aone vinginevyo.

Ndipo utaratibu wa programu ya kinga ya Fostering Healthy Futures, ulioanzia Colorado, Marekani, chini ya mtafiti Heather Taussig, unapovutia. Unachukua watoto wa miaka 9 hadi 11 na kudumu wiki 30. Kila wiki mtoto hukaa saa moja na nusu kwenye kikundi cha kujifunza stadi kama kutambua hisia na kutatua matatizo, kisha hupata saa kadhaa peke yake na mshauri wake, ambaye ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Hauitwi matibabu, kwa hiyo mtoto habandikwi jina la mgonjwa. Mshauri humfuata na kumrudisha kwa gari, na mtoto akihamishiwa familia nyingine, mshauri ni yuleyule. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: katika mwaka ambao kila kitu kinabadilika, kuna mtu mmoja asiyebadilika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa watoto 156 kwa bahati nasibu katika makundi mawili: watakaopitia programu na wasioipitia. Miezi sita baada ya programu kwisha, waliopitia humo walikuwa na dalili chache za matatizo ya akili kuliko wasiopitia, na asilimia 53 tu walikuwa wamepata tiba ya saikolojia hivi karibuni, dhidi ya 71 ya wenzao. Hata hivyo huo ni utafiti mmoja, wa watoto wachache, wa eneo moja. Tena kikundi na mshauri vilitolewa pamoja, hivyo matokeo hayo hayawezi kutenganisha mchango wa kila kimoja.