Kupima mtiririko wa damu ya moyo kwa MRI: maswali na majibu

Mishipa ya moyo wangu ilishapigwa picha. Kwa nini daktari anataka tena MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku na mawimbi ya redio?

Picha huonyesha mshipa umebana wapi, lakini haisemi damu inayopita hapo inatosha au la. Watu wawili wanaweza kuwa na mbano unaofanana kabisa, mmoja akapanda ngazi bila shida, mwingine akashikwa na maumivu ya kifua. Kwa maoni yangu, kujua kiasi cha damu kinachofika kwenye msuli wa moyo kuna uzito kuliko sura ya mshipa.

Mashine inajuaje kasi ya damu bila kuchomwa dawa ya kung'arisha picha?

Sehemu kubwa ya damu ni maji, na maji yana haidrojeni. Sumaku na mawimbi ya redio hufanya viini vya haidrojeni vitoe ishara. Nguvu ya sumaku ikibadilishwa kwa mpangilio maalumu, ishara ya viini vinavyosafiri na damu hutofautiana na ya vile vilivyotulia, na tofauti hiyo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Kompyuta huzidisha kasi kwa eneo la mshipa, ikapata mililita.

Kabla ya kuanza, mtaalamu huweka kikomo cha kasi. Kwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, mara nyingi ni sentimita 150 kwa sekunde. Akikiweka chini mno, damu inayokimbia zaidi huonekana kana kwamba inarudi nyuma: kwenye picha ni doa jeusi katikati ya weupe. Hapo kipimo hurudiwa.

Ateri za moyo zenyewe, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye msuli wake, zinapimika?

Zinapimika, ila kwa taabu. Upana wake ni milimita 2 hadi 4 hivi, na husogea kwa kila pigo na kila pumzi. Ndiyo maana unabandikwa nyaya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani na kuambiwa uzuie pumzi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: kupima sinasi ya koronari, vena iliyo nyuma ya moyo inayokusanya sehemu kubwa ya damu iliyokwisha kulisha msuli wa moyo. Hupimwa ukiwa umetulia, kisha ukipewa adenosini, dawa ya kutanua mishipa midogo. Moyo wenye afya huongeza mtiririko mara 3 hadi 4. Usipofika hata mara 2, kuna tatizo, hata kama ateri kubwa ni safi, kwani huenda mishipa midogo isiyoonekana kwenye picha ndiyo mibovu. Maumivu ya mgonjwa wa namna hiyo ni ya kweli, asiambiwe ni mawazo tu.

Nijiandae vipi?

Kama utapewa adenosini, acha kahawa, chai na kola kwa saa 24, maana kafeini huizuia kufanya kazi. Mwambie daktari mapema kama una pumu. Dawa ikiingia, kifua kinaweza kubana na uso ukapata joto; hali hiyo huisha upesi dawa ikisimamishwa.

Taja pia betri ya moyo, klipu ya chuma kichwani au chembe ya chuma jichoni. Stenti (vijibomba vya kushikilia mshipa uwe wazi) nyingi hazizuii kipimo, lakini zitaje vilevile.